Alitoka Karachi

Nina madaftari manne ya mambo ya yule mama, na hakuna hata moja lililopangika. Niliandika kwenye basi, mara nyingi nikitoka kazini nimechoka, na kuna kurasa ambazo mwandiko wangu siusomi hata mwenyewe. Shule yangu iliishia darasa la saba, Tanga, na Kiingereza changu nimekiokota huku huku London kwa watu. Nayasema haya mapema nisije nikaonekana najua kuliko ninavyojua. Lakini kosa lililotokea lilikuwa la Kiswahili, na Kiswahili ndicho kitu pekee nilichodhani hakinishindi.

Kazi yangu ni ya kea, kutunza wazee majumbani mwao. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili nilikuwa nakwenda Harrow, nyumbani kwa mama mmoja wa Kihindi aliyevuka miaka themanini, mjane. Nilimwogesha, nikampa dawa zake, nikampikia chai, nikamtembeza. Mwanawe, mwenye duka la dawa, ndiye aliyeomba atafutiwe mtu wa Kiswahili. Mama alizaliwa Tanga. Kiingereza alikuwa nacho, ila tangu kiharusi kimguse kilimponyoka kila alipochoka, vikabaki Kigujarati na Kiswahili. Mwana mwenyewe aliletwa Uingereza angali wa kubebwa, Kiswahili hana.

Siku ya kwanza alinifungulia mlango mwenyewe, fimbo mkononi, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Wewe mtu ya wapi?"

"Tanga, mama."

"Tanga wapi?"

"Ngamiani."

"Ngamiani barabara ya ngapi?"

Nikamtajia. Akasogea nipite. "Haya. Vua viatu. Lete maji ya moto."

Wiki zile za mwanzo niliumia. Lete, toa, fanya upesi, hapana weka pale. Nikirudi kwangu Hounslow namwambia binti yangu, yule bibi ananiona mimi yaya wake wa zamani. Baadaye nikafikiri, na nadhani haki ni kusema hivi: Kiswahili alijifunzia jikoni, kwa kuwasikia wakubwa wake wakiwaamuru watumishi, na hakuna aliyemfundisha namna nyingine. Siku moja nikamwambia, "Mama, sisi tukitaka kitu tunasema naomba." Akanijibu, "Naomba ni ya maskini." Lakini kesho yake alisema, "Naomba chai," huku akitazama dirishani, kama aliyesema ni mtu mwingine.

Picha ilikuwa sebuleni, ukutani juu ya hita, katika fremu nzito ya rangi ya fedha. Nyeusi na nyeupe. Msichana wa miaka kumi na tisa hivi, sari nyepesi, nywele zimesukwa msuko mmoja ulioletwa mbele ya bega, mkono wa kushoto juu ya stuli ndefu. Nyuma yake Taj Mahal nzima, na kuba lake, na minara yake, na bwawa refu lililonyooka mpaka karibu na miguu yake. Nilikuwa naipangusa vumbi kila Jumanne. Sikumbuki ilikuwa Jumanne ya ngapi nilipouona mnara wa kulia.

Ule mnara, nusu yake ya juu ilikuwa imehama kidogo, kama fimbo inavyoonekana ukiichovya kwenye ndoo ya maji. Nilikuwa naujua mnara ule. Kwetu Ngamiani, chumbani kwa mama yangu, kuna picha yake amevaa gauni la Idi, kanga mbili mpya mkononi, na nyuma yake mnara umekatika pale pale. Lilikuwa pazia la studio, turubai lililochorwa, ambalo lilikuwa likikunjwa kila siku jioni, na mkunjo ukaupindisha mnara. Ukitaka unapigwa na Taj Mahal, ukitaka unapigwa na maporomoko ya maji.

Nikasema bila kufikiri, "Mama, hii si ya ile studio ya jirani na soko? Hata mama yangu anayo."

Kwa siku tatu hakusema nami zaidi ya lete na toa. Ya nne nilikuwa namkausha miguu, nimepiga magoti, akaniuliza kutoka juu, "Mama yako, watu wakiuliza hiyo picha, anasema nini?"

"Anasema, hapa nilikuwa India. Watu wanacheka."

"Mimi hakuna aliyecheka," akasema.

Ikatoka yote, kidogo kidogo, kwa siku nyingi. Walipofika Harrow, jirani zao wengine walikuwa wametoka India moja kwa moja, na wanawake wale walikuwa wakimdhihaki. Nyinyi wa Afrika si Wahindi, chapati zenu nene, lugha yenu mbovu, India yenyewe hamjaiona. Tanga aliitwa Mhindi, kufika London akaitwa Mwafrika, tena na Wahindi wenzake. Siku moja alikuwa amewakaribisha chai, mmoja akaitazama picha ukutani akauliza, kumbe ulifika? Na yeye akasema ndiyo. Alikwenda na baba yake, kabla ya kuolewa. Neno moja tu lile. Kisha mwanawe akaibeba picha shuleni kuwaonyesha wenzake, mumewe akanyamaza asimwaibishe, mume akafa, na ikawa sasa ni habari ya ukoo. Waswahili tunasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilikuwa na miaka zaidi ya arobaini.

Nimejaribu kupima kati yake na mama yangu. Pazia moja, studio moja, pengine mpigapicha yule yule. Moja ikawa mzaha, nyingine ikawa uongo. Nadhani ni kwa sababu mama yangu hakuna mtu aliyemdai athibitishe kuwa yeye ni nani. Lakini sijui, labda namtetea tu huyu wa Harrow kwa kuwa nilimpenda.

"Mimi nataka kwenda," alisema. "Kabla ya kufa. Nasimama pale pale, mkono hivi. Basi, inakuwa kweli."

"Lakini picha itabaki ya studio, mama."

"Wewe na mdomo yako. Picha wacha. Mimi nitakuwa nimefika."

Mwanawe aliambiwa kwamba mama anataka kwenda kuwaona ndugu zake wa India, na kweli ndugu walikuwapo, watoto wa binamu, na kwao tungepitia baadaye. Kwa hiyo hatukumdanganya, tulimpunguzia tu. Nimeandika sentensi hiyo na naiona si nzuri, ila naiacha. Naye hakuwa mtu mbaya. Alikuja kila jioni akifunga duka, akakaa na mama yake, akamkata kucha. Alisema sawa, mradi mimi niende naye. Tukapanga Novemba, jua linapokuwa limepungua na ukungu wa Januari haujaja.

Nikanunua daftari jipya, nikaandika ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa: ZIARA YA TAJ MAHAL. Akaniuliza nimeandika nini, nikamsomea.

"Ziara nini?"

"Kutembelea. Na sisi kwetu, mtu akienda kwenye kaburi la mtu wake, pia ni ziara."

"Basi sawa. Kaburi ile." Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Mfalme Mwislamu, kaburi ya Mwislamu, na wewe Mwislamu hujaenda. Mimi Mhindu nakupeleka."

"Nipeleke, mama. Thawabu tutagawana."

"Mimi nusu kubwa."

Miezi ile ilikuwa mizuri. Naomba niseme hivyo, maana nikiandika haya najikuta nautafuta msiba hata mahali ambapo haukuwapo. Tulijua kwamba Ijumaa hapafunguliwi kwa watalii, tukaandika Alhamisi. Tulijua kuna viti vya magurudumu, naye akakataa katakata kuingia amekalia kiti. Kwa hiyo tukafanya mazoezi. Mtaa wao una nguzo za taa, na kila asubuhi tulitembea kuzihesabu. Tulianza na nguzo tatu kwenda na kurudi. Agosti tulifika kumi na moja.

Tatizo lilikuwa viatu. Nilimwambia watu huvalishwa vifuko juu ya viatu wakikanyaga marumaru.

"Vifuko hapana. Mguu yangu mtupu."

"Itakuwa baridi, mama. Au moto. Sijui."

Basi akawa, kila nikimaliza kumwogesha, anasimama jikoni kwenye vigae, miguu mitupu, ameshika ukingo wa sinki kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameuweka juu ya kiti kama kwenye picha. Macho amefumba. "Hivi?" ananiuliza. "Marumaru iko hivi?" Namwambia, sijafika, mama, sijui. Sasa najiuliza ningepungukiwa nini kama ningesema ndiyo, iko hivi.

Fomu ya viza tulijaza kwa kompyuta, nyumbani kwake, binti yangu akitupigia chapa. Binti amezaliwa hapa, Kiswahili anasikia, akijibu anajibu Kiingereza. Yangu tulijaza kwanza, ikaisha kabla chai haijapoa. Kisha tukaanza ya mama. Fomu ile inauliza mengi. Inauliza dini. Inauliza alama inayoonekana mwilini.

"Alama gani unayo, mama?"

"Andika uzee."

Tulicheka, hata binti. Tukaandika kovu la kiganja, stovu ya mafuta ya taa ilimchoma Tanga akiwa msichana.

Halafu likaja swali la wazee. Kwa Kiingereza lilikuwa refu, likiuliza kama wazazi wako, au wazazi wa wazazi wako, walikuwa raia wa Pakistani au watu wa sehemu zile. Binti alilisoma haraka na mkono wake ulikuwa tayari kwenye hapana. Nikamwambia ngoja. Chini yake iliandikwa kwamba kusema uongo ni kosa, na mimi nilikuwa nimeshajiwekea kwamba safari hii, iliyoanza na uongo, isiwe na uongo mwingine ndani yake. Hiyo ilikuwa fahari yangu. Nikamgeukia mama, na badala ya kumtafsiria swali kama lilivyo, nikalifupisha, kwa sababu nilimwona amechoka.

"Mama, babu yako alitoka wapi?"

"Karachi," akasema. "Babu alitoka Karachi, na meli."

Nikamwambia binti aandike ndiyo. Binti akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba Pakistani haikuwapo enzi hizo, na kwamba nikiandika ndiyo nitajuta. Nikamwambia Karachi ilikuwapo, na ni Pakistani leo, na kweli ni kweli. Mama alikuwa anasinzia. Akasema tu, "Hapana andika mambo mingi."

Niliandika mambo mengi.

Viza yangu mimi, mzaliwa wa Ngamiani, nisiye na hata jamaa mmoja India, ilikuja kabla ya wiki kuisha. Yake haikuja. Tukaambiwa kwa jibu lile la babu njia ya kompyuta haifai, aombe kwa karatasi, apeleke pasipoti yenyewe, na itachukua muda. Nilimpeleka na teksi mpaka ofisi ya viza. Aliyekuwa dirishani alimwita bibi, akamletea kiti. Akachukua pasipoti. Sina la kumlaumu mtu yeyote pale. Walikuwa wanasoma nilichokiandika mimi.

Septemba ikapita. Katikati ya Oktoba tulikuwa mezani tunamenya mbaazi, zile mbichi zinazouzwa kwenye maduka ya Kihindi kule Harrow, na yeye alikuwa anazungumza zungumza tu, mambo ya wazee wake.

"Baba ya baba yangu alisema mvua ya Kutch ni kama mgeni tajiri. Anakuja mara moja, kila mtu anakimbia kumwona, kesho hayupo."

"Kutch ni India?" nikamwuliza.

"India. Kule kwetu."

Vidole vyangu vikasimama. "Lakini babu yako si mtu wa Karachi?"

"Nani kasema?"

"Wewe, mama. Siku ile ya fomu. Ulisema alitoka Karachi."

"Alitoka Karachi, ndiyo. Meli ilikuwa Karachi. Kijiji yake Kutch, akaenda Karachi, akapanda meli, akaja Tanga." Alinitazama kama mtu anayemwangalia mtoto mzito wa kuelewa. "Wewe ukipanda ndege Heathrow, unatoka Heathrow. Wewe mtu ya Heathrow?"

Alikuwa ameniambia, na meli. Maneno yale mawili niliyasikia kwa masikio yangu, na usiku ule ule niliyaandika kwenye daftari, yapo mpaka leo. Mtu hatoki kwao na meli. Anatoka bandarini na meli. Na neno ni letu. Kutoka ni kuondoka mahali, na kutoka ni asili ya mtu, na Mswahili hupata maana kwa kumtazama usoni anayesema. Mimi siku ile nilikuwa natazama kompyuta.

Nilimweleza yote pale pale, sikungoja. Nilimweleza swali lilivyokuwa, na nilivyolifupisha, na nilichoandika. Alisikiliza huku akiendelea kumenya. Mwisho akasema, "Yaani mimi nimesema uongo miaka yote hiyo, hakuna aliyenishika. Wewe umesema kweli mara moja tu, na siyo kweli."

Akacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa kumfuata. Kisha akasukuma bakuli la mbaazi upande wangu, akasema amechoka, nimpeleke kitandani. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Nilipiga simu ofisi ya viza. Binti aliandika barua, tukaitia sahihi ya mama iliyotetemeka. Mtu wa kwenye simu alikuwa mpole, alinieleza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikumwelewa: ombi likiondolewa, linaanza upya mwanzoni, na barua itawekwa pamoja na karatasi nyingine, itasomwa kwa zamu yake. Nilimwuliza mama, tuondoe au tungoje? Akasema, "Wewe unaonaje?" Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniuliza hivyo, na mimi sikutaka tena kuona chochote. Nikasema tungoje. Huenda hilo nalo lilikuwa kosa. Nimelipima mara nyingi na mizani haitulii.

Mwanawe nilimwambia kwamba nilikosea fomu. Sikumwambia kila kitu, lakini nilimwambia kosa ni langu. Akasema haya mambo ya viza yanachanganya kila mtu, nisijisumbue. Ningependa angenikaripia.

Novemba tukapeleka safari mbele, Februari. Nguzo za taa zikapungua. Tukarudi kwenye saba, tukarudi kwenye nne, halafu baridi ikawa kali na tukawa tunaishia getini. Jikoni, kwenye vigae, aliendelea kusimama, ila sasa mkono wa kushoto haukukaa juu ya kiti kwa mapozi, ulikishika. Hakuuliza tena marumaru ikoje. Wakati mwingine aliuliza pasipoti tu. "Imekuja?" "Bado, mama." "Haya."

Wiki ya pili ya Januari alianza kukohoa. Nilimkuta Jumamosi amelala kwa mito mitatu, daktari amekwisha kuja, mwanawe amekaa pembeni na koti lake la dukani. Akatoka kwenda kuchukua dawa. Mama akafungua macho.

"Pasipoti?"

"Bado, mama."

Akavuta pumzi, ikachukua muda kumfikia. "Naomba maji," akasema.

Sijui kwa nini naandika hilo. Alikuwa ameshazoea kusema naomba, lilikuwa jambo la kila siku. Nilimpa maji kwa kijiko. Jumapili ni siku yangu ya mapumziko. Alifia hospitalini Jumapili mchana, mwanawe akiwa naye, na mimi nilikuwa Hounslow nafua.

Siku zile za msiba nilikwenda kusaidia. Si kazi tena, nilikwenda kama mtu. Viatu vilijaa mlangoni mpaka kwenye ngazi, wanawake wamevaa nyeupe, wamekaa chini kwenye mashuka sebuleni, wanaimba taratibu. Wao huweka picha ya marehemu mbele na kuivika maua. Kulikuwa na picha zake nyingi za uzeeni, lakini mwanawe aliichagua ile ya juu ya hita. Alisema mama aliipenda. Wanawake wakawa wanaitazama. Mmoja, mzee kama marehemu, alisema kwa Kiingereza, nadhani ili na mimi nisikie, kwamba angalau alipata bahati, alikwenda kuiona akiwa na miguu yake. Pengine naye alikuwa mmoja wa wale waliokunywa chai siku ile. Sikuuliza.

Siku ya sita au ya saba pasipoti ikaja, kwenye bahasha ya plastiki. Mwanawe alinifuata jikoni nikiosha vikombe. Alikuwa ameishika ile bahasha na daftari langu, ambalo nililiacha kwenye droo ya kitanda. Akafungua pasipoti mbele yangu. Viza ilikuwamo, ukurasa mzima, na picha yake mama amekunja uso kwa sababu alikatazwa kutabasamu. Barua yetu ilisomwa, basi. Zamu ilifika.

Akafungua daftari ukurasa wa kwanza. Kiswahili hajui, lakini maneno mawili ya mwisho yanasomeka na kila mtu. Akaweka kidole juu yake.

"Hukuniambia hili," alisema. Tulikuwa tunazungumza kwa Kiingereza, mimi kile cha kuokota. "Kumbe alitaka kurudi Taj Mahal."

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye sinki. Nikayafunga. Nilikuwa nimesimama juu ya vigae vile vile, na nilijua kwamba nikisema kweli sasa, itakuwa kweli ya sawasawa, isiyo na kosa, tofauti na ile ya kwanza. Na ingekuwa haki, maana ni mama yake. Na ningeona uso wake ukibadilika, na ile picha ya sebuleni ingebadilika, na yeye mama hayupo wa kusema kwamba alikuwa na sababu zake.

"Alitaka sana kwenda," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Kurudi pale alipokuwa msichana," akasema, polepole, kama anajieleza mwenyewe. Nilisema kwenda. Yeye alisikia kurudi. Sikumrekebisha. Alinirudishia daftari, akaniuliza lile neno la kwanza lina maana gani, nikamwambia ni kutembelea, na kwamba kwetu ni hata kwenda kwa mtu aliyekufa. Akasema ni neno zuri. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaweka pasipoti mfuko wa ndani wa koti, akarudi kwa wageni.

Nilipomaliza vikombe nikapita sebuleni kuaga. Wanawake walikuwa wamenyamaza, wanapumzika. Nikainama mbele ya picha kama nilivyoona wengine wakifanya. Shada la maua lilikuwa limeteleza upande wa kushoto, na upande wa kulia mnara ulikuwa wazi, na pale kwenye mkunjo palionekana vizuri kwa mtu yeyote atakayetazama.

Nikalisogeza shada kulia, mpaka likaufunika.